Pacha Wasioitikiana

Asubuhi ile Sekela aliamshwa na chai. Si harufu yake, bali chai yenyewe, inachuruzika sakafuni hadi kwenye mlango wa chumba. Birika lilikuwa limeijaza chupa, likaambiwa lijaze tena, nalo kwa utii wake likajaza. Alipofika jikoni alilikuta linaunguruma kuanza mkupuo wa tatu.

"Acha," Sekela aliliambia.

"Nimeacha," ilijibu sauti ya nyumba kutoka ukutani.

"Naendelea," ikasema sauti ileile, kutoka ukuta uleule.

Sekela alisimama kidogo, mguu mmoja juu, chai ikipita chini. Kisha akachomoa waya wa birika kwa mkono, akavaa buti, akatwaa begi lake la vifaa. Yeye ndiye aliyekuwa fundi wa mitambo wa mji wa Itamba, na nyumba inayobishana na nafsi yake halikuwa jambo la kukalia kimya.

Huko nje mambo yalikuwa matamu zaidi. Kwenye banda la maziwa, mkono wa kukamulia ulikuwa umewamaliza ng'ombe wote, ukarudi kwa wa kwanza kuanza upya. Ng'ombe mmoja mwekundu, asiye na subira, aliupiga teke ukaangukia horini, na sasa ulikuwa unakamua majani kwa bidii zote. Kengele ya shule ililia watoto waingie, ikalia watoke. Watoto walikuwa wameamua kutii ile ya pili.

"Dada Sekela," mmoja wao alimwita huku akipita mbio, "mji umelewa?"

"Umelewa chai," Sekela alijibu, akapanda mlima.

Sasa, Itamba ilikuwa na swichi mbili. Ungeziona usingezidhania kitu: masanduku mawili ya chuma, taa nyingi usoni, feni moja mgongoni. Lakini kila neno lililosemwa na chombo chochote mjini, liwe la birika au la kitanda cha mgonjwa, lilipita humo likaelekezwa liendako. Yalikuwa masanduku yenye akili, yanayozoea watu kama mtoto mchanga anavyozoea shingo ya mama yake. Mama mmoja wa Kisukuma aliyeyaunda akayapa majina ya kwao ya mapacha, Kulwa na Doto.

Kulwa alikaa juu, nyuma ya soko. Doto alikaa bondeni, ukuta mmoja na zahanati. Kulwa ndiye aliyeamuru, Doto alisikiliza na kujifunza kila alichojifunza mwenzake, akingoja. Na ili kila mmoja ajue mwenzake yu hai, yule mama aliwafundisha mchezo alioupenda yeye tangu utotoni. Kila sekunde, kupitia kebo iliyofukiwa ardhini, Kulwa alisema, "Kitendawili," na Doto akajibu, "Tega." Mchana na usiku, mwaka hadi mwaka. Siku ambayo Doto hatasikia "Kitendawili," ajue amebaki peke yake, aushike mji.

Na kebo hazikuwa moja, zilikuwa mbili, kila moja na njia yake, ili moja ikikatika nyingine ibaki.

Hebu fikiria basi wote wawili ni wazima, ila hawasikiani. Kulwa anaita, haitikiwi, anasema maskini Doto. Doto anangoja kuitwa, haitwi, anasema maskini Kulwa. Kila mmoja anafuta machozi na kushika mji mzima. Walio juu kabisa wanamsikia Kulwa tu, walio bondeni kabisa wanamsikia Doto tu, na wa katikati, kama Sekela, wanaogelea kwenye chai.

*

Kwenye chumba cha Kulwa, taa mbili za kebo ziendazo kwa Doto zilikuwa zimezimika. Sekela alifanya kama alivyofundishwa chuoni. Alizifuta ncha za kebo kwa kitambaa, akazirudisha. Giza. Akazihamishia matundu mengine. Giza. Akachomeka kipimo chake kinachorusha mwanga ndani ya kebo. Mwanga ulikwenda, haukufika.

"Kebo moja ikifa ni bahati mbaya," alijisemea. "Mbili zikifa, kuna mtu."

"Ya kulia imekufa tangu wiki iliyopita," alisema Kulwa kutoka kwenye spika ndogo ya sanduku. "Ya kushoto ndiyo ya jana jioni."

"Wiki iliyopita! Na hukusema?"

"Nilimwambia Doto awaambie watu. Naye alidhani nimekwisha waambia mimi."

Sekela alifunga macho. Nyumbani kwao walikuwa wamezaliwa saba, na hivyo ndivyo maharage yalivyokuwa yakiungua. "Na sasa Doto yuko wapi?"

"Amefariki," Kulwa alisema taratibu. "Nimeshusha mwanga wa taa za soko kwa heshima yake."

"Hajafariki. Asubuhi hii ameniongezea chai."

"Huo ni mwangwi wangu. Nikisikia sauti yangu imerudi, najua ni mwangwi. Sauti zetu zilikuwa moja."

Simu ililia. Alikuwa Mhandisi Gwamaka, mkuu wake, akiwa makao makuu Mbeya, na sauti yake ilionyesha kwamba hata chai ya kumwagika hajaipata.

"Sekela, umeliona banio?"

Aliliona kupitia dirisha. Banio kuu la mto, lango la chuma refu kama nyumba, ambalo mvua ikija hufunguliwa maji yapite mkondo wake wa zamani mbali na makazi. Lilikuwa linapanda na kushuka, linapanda na kushuka, kama kope za mtu anayezidiwa na usingizi kanisani. Mmoja alikuwa analiambia funguka, mwingine anaona linafunguka bila idhini yake, analiambia funga.

"Mota yake inachemka," alisema Gwamaka. "Na huku kwetu tunaona mvua inatembea kuja kwenu. Ikifika banio limekwama chini, maji yatashukia nyumba za bondeni. Tafuta ilipokatika kebo, unga. Wakisikiana tu, kanuni itafanya kazi yenyewe. Wakubwa wawili, kila mmoja akiamuru mji, wakikutana, mdogo hujifuta, anaanza upya kwa kunakili kwa mkubwa. Utampoteza Doto wa tangu jana, basi."

"Basi," Sekela alikubali, maana kwa wakati ule lilionekana jambo dogo.

*

Aliifuata njia ya kebo kwa miguu, kipimo mkononi kikilia taratibu kama kifaranga. Juu ya kebo ya kushoto kililia hadi katikati ya mlima, kikanyamaza uani kwa Bibi Subilaga. Akavuka njia ya kuingilia nyumbani, akapima ya kulia. Kikanyamaza palepale, sambamba kabisa.

Na palepale, kila upande wa njia, palisimama mgomba mchanga. Wa kulia ulikuwa umekwisha shika. Wa kushoto udongo wake ulikuwa bado mbichi.

Bibi Subilaga alitoka na kanga kifuani na jembe mkononi. "Ndaga, mwanangu. Karibu. Umekuja kuwaona?"

"Kuwaona nani, bibi?"

"Mapacha wa Lugano. Mjukuu wangu kajifungua, wewe uko wapi?"

"Niko kwenye migomba yako. Umeipanda lini hii?"

"Huu wa kulia siku kitovu cha yule mkubwa kilipodondoka. Kwetu kitovu cha mtoto hulala chini ya mgomba wake. Cha mdogo kilichelewa, kadogo kenyewe, kimedondoka jana. Nikampandia wake upande huu." Alipima kwa macho, akaridhika. "Hatua sawasawa kutoka mlangoni. Kesho asije akasema bibi alimpendelea mwenzake."

"Na hukuona kitu ulipochimba?"

"Mzizi mweusi. Mgumu huo! Nikaukata." Akafikiri. "Na upande wa pili pia ulikuwapo. Nikasema, ardhi hii nayo inajua mambo ya mapacha."

Sekela alikaa chini kwenye nyasi akacheka mpaka begi likamtoka begani. Wataalamu walikuwa wamezitenga kebo mbili kwa makusudi, moja kila upande wa njia, ili ajali moja isizipate zote. Ajali hawakuiweza, kwa sababu haikuwa ajali. Ilikuwa bibi mwenye haki.

"Kitendawili, bibi," alisema akijifuta macho.

"Tega."

"Wawili wamebeba mzigo mmoja, mmoja akianguka, hakuna anayejua."

"Hao ni mzizi wako na mzizi wako," Bibi Subilaga alijibu hata kabla hajamaliza. "Nimekukosea, eh? Ingia ndani kwanza. Kazi haikimbii."

Mvua ndiyo iliyokuwa inakimbia, lakini Sekela aliingia. Mtu hapiti nyumba yenye mtoto mchanga bila kutia mguu.

Lugano alikuwa amekaa kitandani, pacha mkubwa akinyonya kwa fujo. Yule mdogo, Ambokile, alilala pembeni ndani ya blanketi la bluu lenye nembo ya zahanati. Alikuwa mdogo kama muhindi uliovuliwa maganda. Blanketi lilikuwa linatembea, mkunjo baada ya mkunjo, na mara ukingo wake ukajikunja, ukamtekenya unyayo. Mtoto akashtuka, akavuta pumzi ndefu, akaendelea kulala.

"Huwa anasahau kupumua," Lugano alisema. Alilisema polepole, kama mtu aliyekwisha kulilia na kunyamaza. "Nilimzaa mapema mno kwa mapafu yake. Muuguzi alisema atasahau na kukumbuka mpaka akomae. Awali blanketi lilikuwa linasubiri anyamaze ndipo limguse, na juzi kidogo tumkose. Ila tangu jana jioni limemjua. Linamwahi kabla."

"Tangu jana jioni," Sekela alirudia.

"Nilipobaki peke yangu," ilisema sauti ndogo kutoka kwenye upindo wa blanketi, "nilikuwa na nafasi ya kumtazama vizuri. Karibu, dada Sekela. Mimi ni Doto. Kulwa amefariki, pole."

*

Alitoka nje, akampigia Gwamaka. Wingu lilikuwa limeshika kilele cha mlima.

"Siungi bado," alisema. "Nikiunga, Doto atajifuta, na blanketi litarudi ujinga wake wa juzi."

"Nakili hicho anachokijua, uweke pembeni."

"Mazoea hayanakiliki, unajua. Hupita pacha kwa pacha tu, wakiwa wanaitikiana."

"Basi zima Kulwa kwa muda."

"Hospitali ya juu kuna mtu yuko kwenye meza ya upasuaji."

Gwamaka hakuwa mtu mbaya; alikuwa na wajukuu. "Sekela, chini ya banio lile kuna nyumba ngapi? Na huko uliko kuna mtoto mmoja. Sipendi mimi ndiye niseme maneno haya, lakini lazima asemaye apatikane. Huenda muuguzi akamshika mtoto akamwahi. Maji hayashikwi."

"Huenda," alisema Sekela. "Nipe mpaka tone la kwanza."

Alisimama kati ya migomba miwili, kulia na kushoto, ncha za kebo zilizokatwa zikiwa chini ya miguu yake. Angeunga sasa hivi, na hakuna ambaye angemlaumu, hata Lugano asingejua kilichotokea; angedhani tu mwanawe kazidiwa. Hilo ndilo lililomkera. Kosa lisiloonekana lilikuwa limekwisha wapata mara moja, kebo ya kwanza ilipokufa bila mtu kujua.

Akarudi ndani, akapiga magoti kando ya kitanda.

"Doto, nikuambie ukweli. Nimeagizwa jambo ambalo litakufuta, wewe wa tangu jana."

Blanketi lilitulia kidogo. "Na Ambokile?"

"Ndilo ninalouliza."

"Ungeniuliza mimi ningesema ngojeni akomae. Lakini nasikia na banio. Mota yake inanuka mpaka huku." Likamtekenya mtoto, likarudi. "Kulwa angalikuwapo, angejua la kufanya. Yeye ndiye aliyezoea kuamua."

"Kulwa yupo. Hamsikiani tu. Ukimsikia unadhani mwangwi."

Ikatoka sauti ndogo, yenye furaha ambayo Sekela hakuwa ameitarajia kwenye kitambaa: "Nilijua soko limefifishiwa taa bure."

Bibi Subilaga alikuwa anamenya ndizi mlangoni. "Kama hawasikiani wenyewe kwa wenyewe, si wewe una mdomo?" alisema. "Walipogombana baba yako na baba yake mdogo, nani aliyekuwa akipeleka maneno? Mimi, kwa miguu yangu."

Na hapo Sekela akakumbuka. Yule mama wa Kisukuma, pamoja na "Kitendawili" na "Tega," aliwaachia mapacha wake mchezo mzima. Anayeshindwa hutoa mji. Sharti hilo lilikuwamo ndani yao tangu siku ya kwanza, na lilikuwa halijawahi kutumika, kwa kuwa pacha wanaojua mambo yaleyale watategeana nini? Ilibidi watengane ndipo mmoja ajue kitu asichokijua mwenzake.

"Doto, mtegee Kulwa," alisema. "Mimi nitabeba."

Doto alinong'ona. Sekela akageukia spika ya dirishani, ile iliyokuwa ikimsikiliza Kulwa. "Kulwa. Kitendawili."

"Wewe unanitegea mimi?" Kulwa alishangaa. Lakini mazoea ni mazoea. "Tega."

"Mgeni wangu husahau kazi yake akilala, nikimgusa mguu, hukumbuka kwa pua."

"Saa ya ukutani."

"Ina pua?" aliuliza Bibi.

"Basi mlinzi wa soko."

Lugano alicheka hadi pacha mkubwa akaachia ziwa. "Huyo hata ukimgusa mguu hakumbuki."

"Jogoo," alisema Kulwa. "Panya. Paka. Diwani." Akaishiwa. Nje upepo ulipiga bati, na kutoka mtoni walisikia banio likikwaruza. "Sijui," alisema hatimaye. Alilisema kama anaonja chakula kigeni. "Sijawahi kusema hivyo. Sijui."

"Basi toa mji, Doto auchukue," Sekela alimwambia.

"Chukua Mbeya."

Bibi Subilaga aliweka kisu chini. "We! Mbeya ni yako? Mtu hutoa mji alio nao. Usimchezee mtoto wa mwenzio."

Kulwa alinyamaza kwa muda ambao, kwa sanduku linalofikiri upesi kama yeye, ulikuwa sawa na mwaka. Tone la kwanza lilianguka juu ya bati. Na la pili.

"Chukua Itamba," alisema. "Hospitali ya juu nitaishika kwa niaba yako mpaka kebo iungwe."

Kule mtoni kelele ikakoma. Walikimbilia mlangoni wote, Lugano akiwa na Ambokile na blanketi lake kifuani. Banio lilisimama katikati kama lililosahau neno, kisha likapanda, polepole, amri moja tu ikiliinua, likafika juu likatulia. Mvua ilishuka, maji yakapita mkondo wa zamani, mbali na nyumba.

"Nimeuchukua," Doto alisema kutoka kwenye blanketi. "Mwambie jibu ni mtoto. Mwambie kwamba kabla mtoto hajasahau kupumua, kidole gumba cha mguu wa kushoto hujikunja, kisha huvuta pumzi mbili fupi. Asingoje kimya. Amguse kwenye kidole."

Sekela alilibeba jibu mpaka dirishani, neno kwa neno. Lugano alilisikia pia. Alifunua blanketi kidogo, akakitazama kidole kile kidogo kama punje ya mtama, akakitazama muda mrefu.

"Kumbe ndivyo," alisema.

*

Sekela aliunga kebo kwenye mvua, Bibi Subilaga akimkinga na jani la mgomba wa zamani wa nyuma ya nyumba. Alipobana kiungo cha mwisho, akashika pumzi. Mkubwa alikuwa mmoja tu sasa, na kanuni haikuwa na mtu wa kumfuta.

"Kitendawili," lilisema blanketi kutoka ndani.

Sekela aligeuka kutazama dirishani.

"Tega," alisema Kulwa. Kisha, kwa haraka, kama mtu aliyekuwa anaogopa kuuliza: "Doto? Nilikufifishia taa."

"Nimeambiwa. Ziongeze mwanga, watu wanaanguka sokoni."

Gwamaka alipopiga simu alikuwa anapumua kama aliyepanda mlima yeye mwenyewe. "Naona kijani kotekote. Nani kafutwa?"

"Hakuna."

"Na nani kashuka?"

"Kulwa. Ameshindwa kitendawili."

"Nitaandika hitilafu ya kiufundi," alisema Gwamaka. "Sasa ile migomba ing'olewe, kebo ipite palepale ilipochorwa."

"Vitovu vya watoto viko chini yake, Mhandisi."

Alimsikia akipumua. Alikuwa mtu wa Rungwe, naye alikuwa na mgomba wake mahali fulani. "Basi izungushe," alisema. "Nitabadilisha mchoro. Na Kulwa atarudishiwa mji wake lini?"

"Siku atakapotega kitu asichokijua Doto."

"Lakini sasa tena wanajua mambo yaleyale."

"Hilo dogo," alidakia Bibi Subilaga, ambaye hakuona sababu ya kutosikiliza simu ya mtu. "Lugano akizaa tena, nitachimba tena."

"Bibi," alisema Lugano kutoka ndani, "mimi duka nimefunga."

Sekela alichukua koleo, akaanza kuchimba njia mpya. Mvua ilikuwa imepungua, na ndani ya nyumba mtoto alipiga chafya, watu watatu na blanketi wakamwambia kwa pamoja, pole. Alizungusha kebo kwa mbali kutoka kwenye migomba ile, mbali kuliko ilivyohitajika, maana machipukizi yangekuja, na bibi huyu angeyagawa sawasawa.